Sikio la Msikivu Mkuu

Iko nchi moja, msiniulize iko upande gani wa ramani, maana hata ramani yake ilishasikika na sasa ni siri. Mimi nasimulia kama nilivyosimuliwa. Mwenye kujitambua humu ajitambue kimyakimya, asije akaniponza.

Nchi hiyo ilijaliwa serikali sikivu. Wala si usikivu wa majukwaani, ule wa kuzungumzwa wakati wa kura kisha ukarudishwa kabatini. Kiongozi wake aliitwa Msikivu Mkuu, na alisikia kwa mujibu wa sheria. Sheria zenyewe zilikuwa mbili. Ya kwanza, Sheria ya Haki ya Kujua, ilichongwa kwenye mbao za mninga na kutundikwa katika kila ofisi, hadi ofisi za mifugo: kila karatasi ya Serikali ni mali ya mwananchi, na mwananchi akiitaka asiulizwe ya nini. Wageni walikuja kuisoma, wakaipiga picha, wakarudi kwao na husuda. Ya pili haikutundikwa popote kwa kuwa ilikuwa fupi mno. Ilisema hivi: lolote lililoingia katika sikio la Msikivu Mkuu ni ushauri kwake, na ushauri kwake ni siri ya taifa.

Sasa mkubwa gani mwenye akili zake timamu angeziona sheria hizo mbili zimekaa jirani asijue la kufanya? Mkurugenzi wa hospitali akiandikiwa ripoti kwamba dawa hazipo, anaichukua mbio hadi Ofisi ya Sikio, inanong'onwa sikioni kwa Mkuu, inagongwa muhuri mwekundu: IMESIKIKA. Kwisha kazi. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa ikipeleka utabiri wake kila asubuhi, ili mvua ikinyesha pasipotarajiwa asilaumiwe mtu. Ratiba ya maji ilisikika. Majina ya walimu wasiofika kazini yalisikika. Kuna Bwana Afya mmoja aliyepeleka hesabu ya panya wa sokoni, na panya wale wakawa siri ya taifa huku wakipita miguuni mwa watu mchana kweupe.

Na aliyelitoa nje neno lililokwisha kusikika alialikwa kupumzika. Gari la kijivu lisilo na namba lilimfuata, dereva akamfungulia mlango kwa adabu, akamuuliza kama kiti ni kizuri. Hajaonekana hadi leo mtu aliyemaliza kupumzika.

*

Karatasi zote hizo zilipita kinywani mwa mtu mmoja: Sikudhani Mlekwa, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, Mnong'onezaji wa Serikali.

Kabla ya hapo Sikudhani alikuwa mtangazaji wa redio, na kazi yake ilikuwa moja tu, kusoma matangazo ya vifo saa saba mchana. Miaka kumi na minne aliwasomea watu misiba yao kwa sauti ya chini, iliyonyooka, isiyomkwaruza mtu. Wazee walisema, akikutangaza Sikudhani, umetangazwa. Ndiyo sauti iliyomfikisha Ofisi ya Sikio, ambako siku ya kwanza tu alikabidhiwa Kanuni ya Tisa, aisome mbele ya mashahidi: "Habari za kifo hazitaingia katika Sikio." Ni mkosi, akaelezwa. Neno la kifo likiingia sikioni mwa Mkuu, litatafuta mahali pa kukaa. Kwa hiyo pale palipoandikwa "amekufa" Sikudhani alisoma "ameketi." Waziri aliyekufa ameketi. Ng'ombe wa ranchi ya Serikali wameketi elfu mbili. Alizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Na kwa sababu Sikio halikupokea vifo, matangazo ya vifo ya saa saba yalibaki kuwa maneno pekee katika nchi nzima ambayo hayakukaguliwa na mtu. Nani angethubutu kuyakagua? Kukagua ni kupeleka juu, na kupeleka juu ni kumpelekea Mkuu mkosi.

Basi mwezi wa tatu likaja Daraja la Shukrani. Lilijengwa kumshukuru Mkuu kwa kuamuru lijengwe. Siku ya ufunguzi kila ofisi iliagizwa kutoa kwaya, kwaya zote zikapandishwa juu ya daraja, zikaimba huku zikikanyaga kwa pamoja kuonyesha uzalendo. Katika wimbo wa pili daraja likaenda mtoni na watu wake. Redio ilitangaza jioni kwamba daraja limeketi, na kwamba wananchi wachache waliketi nalo. Mahali penyewe pakazungushiwa turubai, malori yakaingia na kutoka yamefunikwa, na Msikivu Mkuu akaunda Tume ya Kuchunguza Kuketi kwa Daraja.

Chande, mdogo wake Sikudhani, alikuwa fundi zege kwenye daraja hilo. Alitoka nyumbani asubuhi ya siku moja kabla ya ufunguzi, amevaa shati lake la kazi, na hakurudi. Hakuna aliyemwona juu ya daraja. Hakuna aliyemwona popote. Alikuwamo mtoni? Alikimbia? Alialikwa kupumzika? Hapo ndipo nyumba ya Mtaa wa Subira ilipokwama, miezi minane.

Mama yao, Bi Mwanakombo, kila jioni alimpakulia Chande sahani yake, akaifunika kwa kawa, na kila asubuhi akawamwagia kuku. Zaituni, mke wa Chande, alikwenda kwa shehe kuuliza aanze eda, akaambiwa eda haikaliwi kwa kubahatisha. Basi akawa si mjane, si mke, anavua kanga nyeusi asubuhi na kuivaa tena mchana.

"Kama kafa niambiwe, nilie," alisema Bi Mwanakombo. "Kama yu hai niambiwe, nimngoje. Mimi sasa nifanye lipi? Wewe Siku, si ndiye unayekaa na wakubwa? Hata tetesi huna?"

"Sina, mama."

"Miaka kumi na moja unamwambia yeye kila kitu, mimi mamako huna la kuniambia."

Na wallahi safari hii Sikudhani hakuwa akificha kitu. Hakujua kweli, na ndilo lililomuuma zaidi.

*

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Jaji Kopwe, mstaafu, mzee mwenye kikohozi ambaye hakuwa tena na cheo cha kupoteza. Alichunguza, akaita mashahidi mia mbili, akaandika ripoti ya kurasa mia sita. Na usishangae nikikuambia ilikuwa ya kweli tupu. Ripoti za nchi ile zilikuwa za kweli kupita za nchi yoyote duniani. Mwandishi anaogopa nini, ikiwa anajua hazitasomwa? Ukweli uliandikwa wote, kwa mwandiko mzuri, kisha ukafungwa kwa lakiri.

Redio ikatangaza kwamba kwa mujibu wa Haki ya Kujua, ripoti itatolewa kwa wananchi siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, kwenye Dirisha la Haki. Jumatatu tayari foleni ilikuwa imezunguka jengo mara mbili. Watu walikuja na majamvi na vitumbua, na kila mmoja alikuwa na jina moja kinywani. Bi Mwanakombo alikuwa wa thelathini na sita; jioni alimwachia jirani jamvi, akaenda kupakua sahani ya Chande.

Jumanne, Katibu wa Sikio, Mheshimiwa Sijaona Pazi, aliingia chumbani kwa Sikudhani akiwa amekumbatia sanduku. Alikuwa mtu mpole sana, Mheshimiwa Sijaona. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, na watu walimwogopa kwa sababu hiyo hasa.

"Bibi Sikudhani, shikamoo ya kazi," alisema, akicheka kidogo. "Ijumaa saa nne wananchi wana haki ya kujua. Kwa hiyo kabla ya saa nne tunaomba wawe hawana."

"Kurasa ngapi, Mheshimiwa?"

"Mia sita. Nimekuletea asali ya koo." Akaiweka mezani chupa, akaisogeza taratibu iwe katikati. "Najua una mtu wako kule darajani. Nami ni mzazi. Ningeweza kumpa mwingine kazi hii. Lakini nikasema hapana, Bibi Sikudhani ana kifua. Lililoingia kwake halitoki."

"Ahsante, Mheshimiwa."

"Usinishukuru bado," akasema Katibu, akatoka.

*

Chumba cha Sikio kilikuwa kimetandikwa mazulia juu ya mazulia, hata mtu akidondosha funguo hazilii. Msikivu Mkuu aliketi katikati, macho yamefumbwa, shingo imeegemea mto. Sikio lenyewe, la kulia, lilikuwa kubwa, limepakwa mafuta ya nazi. Katibu alikaa mlangoni, hatua ishirini, mahali ambapo aliona midomo ya Sikudhani lakini hakusikia neno, maana naye akisikia atakuwa na siri ya taifa bila kibali. Mara kwa mara mlio mzito ulitoka puani mwa Mkuu. Mlio huo, kwa maelezo ya Serikali, ulikuwa wa kutafakari.

Jumanne Sikudhani alinong'ona kurasa mia na hamsini: maana ya daraja, historia ya madaraja, hotuba ya ufunguzi. Jumatano alifika kwenye saruji, ripoti ikaeleza ilikuwa mchanga kiasi gani. Alinong'ona tu, neno kwa neno. Alikuwa akimtafuta Chande. Alijua pia kwamba ukurasa atakamomkuta, akishaunong'ona, utafungwa hapohapo mdomoni mwake. Atakuwa anajua, na mama yake atakaa naye chakulani, ataendelea kufunika sahani kwa kawa, na yeye Sikudhani atamtazama.

Alhamisi saa tano asubuhi akafungua ukurasa wa mia nne na kumi na mbili. Alikwisha kufungua mdomo kunong'ona, jicho likatangulia.

"Barua ya kuonya kuhusu nguzo ya pili ilifika Ofisi ya Sikio tarehe nne, ikasikika, ikagongwa muhuri. Kwa sababu hiyo wahandisi hawakuweza kuonyeshwa. Mwandishi wa barua, akiwa sasa anajua siri ya taifa bila kibali, alikamatwa tarehe kumi na moja asubuhi akiingia kazini. Kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine penye kufuli, aliwekwa katika chumba cha walinzi ndani ya nguzo ya pili, chumba kisicho na dirisha wala kiti. Alikufa humo siku ya ufunguzi, saa nne na robo, wakati wa wimbo wa pili. Ni Chande Mlekwa, fundi zege. Waliokuwa juu ya daraja walikufa mia moja na watatu."

Alikufa. Walikufa. Jaji Kopwe alikuwa ameandika neno lenyewe, kavukavu, bila kuliketisha.

Barua. Sikudhani aliikumbuka. Ilikuwa ya kupigwa chapa, imetiwa sahihi "Fundi wa Zamu," imebanwa kati ya ripoti ya matairi na malalamiko ya wapishi. "Nguzo ya pili ina uwazi ndani, ukiigonga kwa nyundo inalia debe tupu." Alikuwa karibu acheke alipofika kwenye debe tupu, maana hivyo ndivyo mama yake anavyosema mtu akiongea upuuzi. Akainong'ona yote, kwa sauti nzuri. Akaisikia chap! ya muhuri nyuma yake, akachukua karatasi ya wapishi.

Na wiki moja kabla ya barua hiyo, chakulani, Chande aliuliza huku akimenya ndizi, "Hivi dada, mtu akimwandikia Mkuu, barua inasomwa kweli? Au ni maneno tu?"

"Inasomwa," Sikudhani alimjibu, na alijibu kwa majivuno, Mungu amsamehe. "Yote. Neno kwa neno. Naisoma mimi mwenyewe."

Ndiyo maana aliandika. Alijua itapita kwa dada yake. Alidhani ikipita kwa dada yake imefika.

Kule mlangoni Katibu aliinua kichwa. Midomo ya Sikudhani ilikuwa imesimama. Kawaida ilikuwa wazi: abadilishe neno, alikufa aseme aliketi, aendelee. Aliufanya ubadilishaji huo mara elfu. Lakini safari hii Sikudhani Mlekwa aliamua kuitii Kanuni ya Tisa kama ilivyoandikwa. Habari za kifo hazitaingia katika Sikio. Haya, basi haziingii.

Akainama tena, akachezesha midomo. Alinong'ona jinsi mama yake anavyopika mchicha wa nazi: unakaanga kwanza vitunguu, tui jepesi unatia mwanzo, tui zito unatia mwisho, ukilitia mapema linakatika, na usifunike chungu. Alinong'ona polepole, ukurasa mzima, machozi yakimdondokea Mkuu kwenye bega la koti. Mkuu alitafakari kwa sauti. Mpaka hivi leo mchicha wa nazi wa Bi Mwanakombo ni siri ya taifa.

Alipomaliza mia sita, Katibu alikuja na muhuri wake, akagonga jalada la ripoti nzima. Akamtazama Sikudhani machoni, akayaona mekundu.

"Pole na kazi," alisema.

*

Ijumaa saa nne kamili Dirisha la Haki lilifunguliwa. Karani, msichana mwenye tabasamu, alimwambia mtu wa kwanza kwamba ripoti ipo, ni mali yake, na imesikika. Akamwambia wa pili vilevile. Alipofika wa thelathini na sita sauti ilikuwa imeanza kumkauka. Bi Mwanakombo hakubishana. Alikunja jamvi lake, akarudi nyumbani, akamkuta Sikudhani amekaa kizingitini, hakwenda kazini.

"Mama, leo saa saba ufungue redio. Ukae na wifi, msikae mbalimbali."

Bi Mwanakombo aliliweka jamvi chini. "Nisikilize taarifa ya habari," akauliza, "au nisikilize matangazo?"

"Matangazo, mama."

Mama aliingia jikoni, akaifunua ile sahani ya jana chini ya kawa, akaiosha, akaipangusa, akairudisha kabatini pamoja na nyingine. Kisha akamwita Zaituni alete redio ukumbini. Sikudhani alitaka kumshika mkono, mama akamwambia, "Nenda, usije ukachelewa."

Kituoni, aliyekuwa akisoma vifo siku hizi alikuwa Stamili, shoga yake wa zamani.

"Ee, mgeni! Umefiwa, shoga?"

"Nimefiwa."

"Masikini. Na nani?"

"Nipe kiti nisome mwenyewe."

Stamili alimpisha. Kwani angekataa? Mfiwa hanyimwi. Taa nyekundu ikawaka, na nchi nzima ikaisikia sauti ambayo haikuisikia kwa miaka kumi na moja. Inasemekana wazee waliacha tonge mkononi.

"Tangazo la kifo. Bi Mwanakombo binti Shaame wa Mtaa wa Subira anasikitika kutangaza kifo cha mwanawe, Chande Mlekwa, fundi zege, kilichotokea saa nne na robo asubuhi ya siku ya ufunguzi wa Daraja la Shukrani, ndani ya nguzo ya pili, alimofungiwa kwa kosa la kuandika barua ya kuonya kwamba nguzo hiyo ni tupu. Barua yake ilifika. Ilisomwa na dada yake, neno kwa neno, ikagongwa muhuri. Waliokuwa juu ya daraja walikufa mia moja na watatu, nao hawakuketi. Matanga yako nyumbani kwa marehemu. Habari zimfikie Zaituni, mkewe, aanze eda. Habari ziwafikie wote waliopanga foleni Dirisha la Haki. Na habari zimfikie Msikivu Mkuu, popote alipo."

Taa ikazimika. Stamili alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili. Nje, chini ya dirisha, mlango wa gari ulifunguliwa kwa adabu.

*

Mheshimiwa Sijaona alimpokea mwenyewe, akaagiza chai, akasubiri atulie kidogo.

"Ukurasa ule ulimsomea Mkuu, au hukumsomea?"

"Sikumsomea. Kanuni ya Tisa, Mheshimiwa."

"Ungebadilisha neno, kama siku zote. Ungesema ameketi."

"Chumba kile hakikuwa na kiti."

Katibu alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Alikuwa na huzuni ya kweli, huwezi kumsingizia. "Muhuri unasema ripoti yote imesikika."

"Muhuri uliugonga wewe, na ulikuwa mlangoni. Ukurasa ule haukusikika, basi ni mali ya wananchi, na mimi nimewapa mali yao. Kama nasema uongo mtu wa kuulizwa yupo. Nenda kamuulize Mkuu, kwenye mia nne na kumi na mbili alisikia nini."

Katibu hakuinuka. Chai ikapoa. Wote wawili walijua kwamba swali hilo haliulizwi. Maana Mkuu akiulizwa la ukurasa mmoja akakosa jibu, ataulizwa la jana, na la mwaka juzi, na la daraja, na la panya wa sokoni, na mihuri yote ya miaka kumi na moja itaanza kupwaya kwenye karatasi zake. Huko ukumbini watu walikuwa wakitembea kwa haraka na simu zilikuwa zinalia. Habari za kifo zilikuwa zimemfikia Mkuu akiwa mezani na redio imewashwa, akatema supu, akaagiza sikio lake lioshwe kwa maji ya waridi.

"Bibi Sikudhani," alisema Katibu mwishoni, kwa upole ule ule. "Miaka kumi na moja unanong'ona. Umechoka mno. Nchi inakualika upumzike."

"Mama yangu aambiwe niko wapi."

"Ataambiwa. Ana haki ya kujua."

*

Tatizo la kisheria lilikuwa kubwa, na lilipata ufumbuzi mkubwa. Kwa kuwa tangazo la saa saba liliingia katika Sikio kwa njia ya redio, lilikuwa limesikika. Na kwa kuwa nchi nzima ililisikia, nchi nzima ilikuwa na siri ya taifa bila kibali. Magari ya kijivu yasingetosha. Serikali, kwa usikivu wake, ikatoa msamaha: kila mwananchi afike ofisi ya kata kabla ya Jumatatu jioni, atie dole gumba kwenye fomu yenye neno moja, SIKUSIKIA. Watu walikwenda. Usiwacheke, nawe ungekwenda. Wiki ile nchi nzima ikawa haijasikia.

Lakini kutoka ofisi ya kata walipita Mtaa wa Subira, vidole vingali na wino wa zambarau, wakavua viatu mlangoni kwa Bi Mwanakombo. Jamvi likajaa, likatandikwa jingine. "Poleni sana, mama," walisema. "Sisi hatujasikia lolote." Na wakalia, kila mtu na wake, mia moja na wanne. Jaji Kopwe naye alikuja, akakohoa, akakaa pembeni. Zaituni alikuwa amejifungia chumbani, kanga nyeusi mwilini, na safari hii hakuivua. Bi Mwanakombo alilia miezi minane yote kwa siku tatu. Siku ya tatu matanga yakaanuliwa, watu wakaondoka, akafagia ukumbi, akagundua kwamba tangu Ijumaa hajamwona Sikudhani.

Alingoja wiki. Alingoja mwezi. Tume ya Kuchunguza Kupumzika kwa Bibi Sikudhani Mlekwa iliundwa, ikakaa, ikaandika yote iliyoyaona, na Mnong'onezaji mpya, kijana mwenye sauti nzuri sana, akafanya kazi yake. Ndipo Bi Mwanakombo akachukua jamvi lake, akaenda Dirisha la Haki. Safari hii hapakuwa na foleni.

"Mwanangu Sikudhani yuko wapi?"

Karani alilitafuta faili, akalipata, akaligeuza upande wa jalada ili mama aone muhuri mwenyewe. Hakuwa na tabasamu tena. Alikuwa akisikiliza redio saa saba, yule binti, kabla hajaenda kutia dole.

"Sikuombi unisomee," alisema Bi Mwanakombo. "Mimi najua kuishi na siri zenu. Niambie kimoja tu, nirudi nyumbani. Niweke matanga, au nimwekee chakula?"

Karani alitazama nyuma yake, akatazama mlango, akafungua mdomo.

"Hilo nalo, mama," akasema, na macho yakamjaa maji, "limesikika."

Bi Mwanakombo alimshukuru kwa adabu, akakunja jamvi. Alipita sokoni kununua mchicha na nazi moja. Jioni alipika, akala kidogo, akampelekea Zaituni chakula chake chumbani. Kisha akatoa kabatini sahani ile ile, akapakua, akaifunika kwa kawa.